Inhela Moja, Vifua Viwili

Asubuhi ya kina Mavis ilianza saa ile mama yao alipokuwa akimaliza siku yake. Mama Rochelle alifanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza vitandani, na alirudi jua likichomoza, miguu imevimba ndani ya viatu vyeupe. Mavis, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameshakoroga uji mzito wa mahindi na kutia siagi. Mama aliula akiwa amesimama, kwani alijijua: akikaa, hainuki.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Anakimbia."

"Na upepo huu?"

"Anasema ofisa hachagui hali ya hewa."

Mama akaguna. Madirisha yakatetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Mizinga ya kambi ya jeshi iliyo jirani ilikuwa imeanza mazoezi. Hakuna aliyegeuza kichwa. Kwetu Lawton, mji wa Oklahoma, mtoto huzoea mizinga kabla hajayazoea maziwa ya kikombe.

Tavion, kaka yake Mavis, alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Baba yao alifariki Mavis akiwa bado mchanga, na tangu hapo Tavion ndiye aliyemsuka Mavis nywele mama akiwa kazini, ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyekwenda shuleni kuwasikiliza walimu mama akiwa amelala. Sasa alikuwa amechaguliwa kupata ufadhili wa mafunzo ya maofisa. Jeshi lingemlipia chuo kikuu chote. Angesoma uhandisi huku akifundishwa uofisa, na akimaliza angelitumikia jeshi kwa miaka kadhaa. Mama Rochelle alipopata habari ile alikwenda chumbani, akafunga mlango, akapiga magoti, akakaa humo hadi chakula kikapoa.

Lilibaki jambo moja, nalo ni daktari. Daktari asipouridhia mwili wako, ufadhili huo huna. Na Tavion alikuwa na kifua.

Mwezi wa Oktoba, katika mbio za nyika, kifua chake kilimbana akaanguka karibu na mwisho. Mama alimpeleka kliniki. Wakamwambia ni pumu, wakampa inhela, kile kichupa cha dawa cha kuvuta kwa mdomo, sawa na kile ambacho Mavis alikuwa nacho tangu utotoni. Na jeshi kwa pumu halina mzaha. Aliyeipata akiwa mkubwa hukataliwa, isipokuwa aombe ruhusa maalumu, nayo si wote wanaopewa.

Jumapili moja baada ya ibada, Mjomba Otis alikuja kula kuku. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mama, sajini mstaafu, mtu wa maneno mengi na goti moja bovu.

"Sikiliza, mpwa wangu," alisema akipaka siagi kwenye mkate wa mahindi. "Kwa daktari wa jeshi neno ni moja tu. Hapana. Umewahi kuvunjika mfupa? Hapana. Umewahi kuzimia? Hapana. Mimi miaka yangu yote nilikuwa na goti bovu, sikio bovu na mke mbovu, na daktari nilimwambia hapana kwa yote matatu. Unalala vizuri? Hapa..."

"Hiyo unasema ndiyo, mjomba."

"Hiyo ndiyo. Zilizobaki zote, hapana."

Tavion akacheka. Mama hakucheka.

"Otis, mtoto alipelekwa kliniki."

"Yalikuwa mafua mabaya, Rochelle. Oktoba nani hapati mafua?"

"Walisema pumu."

"Wale wa kliniki wakisikia mtu kakohoa, pumu. Tangu siku ile umemwona akivuta dawa?"

Mama akamtazama mwanawe. "Unavuta?"

"Hapana, mama. Niliitupa zamani ile inhela," Tavion akajibu.

Na kweli aliitupa. Mama akayafikiria majibu hayo huku akikusanya sahani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo mrefu, akaona mahali pa kuutua, wala hakutaka kuchunguza sana kama pale pana miiba.

"Mimi nimechoka," akasema. "Kama ni mafua, basi ni mafua." Na kwa kuwa Tavion hakuwa ametimiza miaka kumi na minane, mama ndiye aliyetia sahihi fomu za daktari wa jeshi pamoja naye.

Mavis aliinamisha uso kwenye sahani yake. Alikuwa anajua jambo ambalo mama hakulijua.

Jambo hilo lilikuwa limeanza mwezi wa Februari, nyuma ya nyumba. Mavis alikuwa akitoa takataka, akamkuta kaka yake ameshika uzio kwa mikono miwili, amepinda mgongo, kifua kikipiga filimbi. Mavis aliijua filimbi ile kuliko wimbo wowote.

"Nipe yako," Tavion alisema kwa taabu.

"Daktari alisema tusichangie dawa."

"Mara moja tu, Mavis."

Akampa. Tavion akavuta, akangoja, akavuta tena. Filimbi ikapungua. Alipoweza kusema, alimshika dada yake bega.

"Mama asijue. Akijua, naye itambidi aseme, unamfahamu. Wewe ukinyamaza, mimi ninasoma. Ukisema, ninakwenda kiwanda cha matairi, na mama anageuza wazee vitandani mpaka siku ageuzwe yeye."

Mtoto wa miaka kumi na miwili atajibu nini? Mavis alinyamaza. Ile mara moja ikawa mara mbili, kisha ikawa kila alipotoka kukimbia. Mavis alijifunza kuiacha inhela juu ya mashine ya kufulia, na Tavion akajifunza kuirudisha mahali pale pale. Hawakuzungumza. Walipishana mlangoni kama watu wawili wanaolinda lango moja.

Siku ya daktari wa jeshi ilifika, Tavion akaenda amenyoa na amevaa shati jeupe. Wiki ile hakukimbia kabisa, kifua kitulie. Alipotoka, Mavis alikuwa akimngoja garini na mama.

"Ilikuwaje?" mama aliuliza.

"Nilisema kama mjomba alivyosema."

Mama akawasha gari. Njia nzima hakuna aliyefungua redio.

Majibu yalikuja mwezi wa Aprili, nayo yalikuwa mazuri. Mchungaji aliwatangazia waumini, watu wakapiga makofi, akina mama wenye kofia kubwa wakamgeukia Mama Rochelle na kumpepea kwa pepeo za karatasi. "Bwana amekuona, dada," wakamwambia. Mavis naye alipiga makofi. Mikono yake ilikuwa mizito kama nguo iliyoloa.

Sasa Mavis alikuwa na lake alipendalo. Alipiga tromboni, lile tarumbeta refu la kusukuma na kuvuta, katika bendi ya shule, na mwezi wa Mei kulikuwa na gwaride la mjini. Kila alasiri walifanya mazoezi uwanjani. Rafiki yake Braylon, mpiga ngoma, alikuwa mtani wake mkubwa.

"Mavis, hiyo tromboni ni ndefu kuliko wewe. Siku ya upepo itakupeperusha mpaka Texas."

"Heri niende Texas kuliko kusikiliza ngoma yako. Unaipiga kama mtu anayefukuza kuku."

"Kuku wenyewe wanacheza."

Alasiri hiyo upepo uliinua vumbi jekundu, na mtu wa mashine alikuwa amemaliza kukata nyasi pembeni. Bendi iligeuka kushoto, Mavis akavuta pumzi apige noti ndefu, na pumzi haikuja. Akashusha tromboni. Akatoa inhela mfukoni, akaibonyeza mdomoni. Ikatoa hewa tupu. Akaitikisa, akabonyeza tena. Hakuna. Dawa ilikuwa imekwisha.

Braylon alimwona akipiga magoti. Hakutania. Aliangusha vijiti akakimbia hadi kwa nesi.

Nesi wa shule, Bi Castleberry, alikuwa mwanamke mnene asiye na haraka, lakini siku hiyo alikuja mbio. Alimwekea Mavis dawa ya akiba ya shule, akamshika mgongo, akamhesabia pumzi kwa sauti ya chini mpaka midomo ikarudi rangi yake. Kisha akampeleka chumbani kwake, akamlaza, akaichukua ile inhela tupu akaigeuzageuza.

"Hii mama yako aliileta mpya hapa niiandike. Si zamani. Imekwishaje?"

Mavis akatazama dari. "Nimeitumia."

"Yote?"

"Kifua kilikuwa kinabana sana."

"Na hukuja kwangu hata mara moja?"

"Sikutaka kukusumbua, mama."

Bi Castleberry akaiweka ile inhela mezani. "Mwanangu, kama maneno yako ni kweli, basi unaumwa kuliko tulivyodhani, na mimi siwezi kukuacha utembee gwaride. Bendi basi, mpaka daktari akuone."

Mavis alifumba macho. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, naye hakuyafuta.

Kesho yake Braylon alimkuta amekaa pembeni ya uwanja na vitabu vyake.

"Kwa nini usiwaambie umepona? Mimi nina meno mabovu na ninapiga katika bendi."

"Ngoma haipigwi kwa meno."

"Wewe hujaniona nikipiga," Braylon akasema. Kisha akakaa kando yake hadi mwalimu alipomwita kwa hasira.

Siku ya Mavis kumwona daktari, mama alitoka zamu akaja moja kwa moja, hajalala. Daktari alisikiliza kifua cha Mavis mbele na nyuma, akaonekana hajaelewa.

"Nikisikiliza, si kifua kibaya hivyo," alisema. "Lakini mtoto anayemaliza dawa upesi namna hii ana pumu isiyotulia. Itabidi nimwongezee vidonge vikali kwa muda, na michezo tuisimamishe."

"Hivyo vidonge vina madhara?" mama aliuliza.

"Vinayo. Kwa anayevihitaji, faida huyazidi. Asiyevihitaji sitaki hata avionje." Akamgeukia Mavis. "Ni wewe peke yako unayeitumia hiyo inhela?"

"Ndiyo," Mavis akasema.

Mama alikuwa akimtazama. Mama Rochelle alikuwa mtu wa kutazama. Wazee aliowatunza wengi hawakuweza tena kusema, naye alijua wapi panauma kwa kuwatazama tu. Alishukuru, akachukua mkoba.

Walifika kwenye duka la dawa, mama akasimamisha gari kwenye maegesho. "Ngoja nipumzishe macho kidogo," alisema, na kabla hajamaliza neno alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mkono mmoja bado umeshika ufunguo.

Mavis alimtazama. Mama alikuwa na harufu ya sabuni ya nyumba ya wazee. Kucha zilikuwa zimekatwa fupi kabisa. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo kama wa mtoto. Hapo Mavis aliona jambo ambalo hakuwa ameliona nyuma ya nyumba siku ile ya Februari. Alidhani ananyamaza ili mama apumzike. Kumbe mama ndiye huyu hapa, amekosa usingizi wake, akienda kununua dawa isiyo ya mtu yeyote, kwa ugonjwa usiokuwepo. Kunyamaza kwake kulikuwa kumemwongezea mama kazi nyingine juu ya kazi zake.

"Mama," akamgusa. "Usinunue."

Mama akafumbua macho. "Nini?"

"Vile vidonge. Usinunue. Si mimi niliyeimaliza dawa." Na kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa limetoka, yaliyobaki yakafuata: uzio, mashine ya kufulia, kiwanda cha matairi, yote.

Mama hakupaza sauti. Alishika usukani kwa mikono miwili akatazama watu wakiingia na kutoka dukani.

"Tangu Februari," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Nilimuuliza unavuta, akasema ameitupa. Na mimi nilifurahi kuambiwa vile." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ulipobanwa pale uwanjani, hukuwa na kitu mkononi. Ungekufa, Mavis. Ningekuzika, na nisingejua kwa nini."

Akapiga simu kwa daktari papo hapo, akamweleza. Daktari akafuta vile vidonge, akasema Mavis arudi achukue inhela nyingine ya akiba, na akasema yule kijana naye aletwe upesi.

Walipofika nyumbani Tavion alikuwa jikoni na Mjomba Otis, wakitengeneza bomba lililovuja chini ya sinki. Mama aliweka mkoba mezani.

"Mavis ameniambia."

Tavion alitoka chini ya sinki polepole. Hakumtazama mama. Alimtazama dada yake.

"Umeniuza."

"Nilikosa hewa, Tavi."

"Ungeniambia imekwisha, ningetafuta nyingine. Miaka minne ya chuo, Mavis. Umeitupa kama ganda la ndizi." Akamgeukia mjomba. "Mwambie, mjomba. Mwambie mama bado hatujachelewa. Tukinyamaza watu wanne, nani atajua?"

Mjomba Otis alikuwa amekaa sakafuni, spana mkononi.

"Nisaidieni kuinuka," alisema.

Tavion akamvuta. Mzee akasimama kwa mguu mmoja kwanza, akakunja uso, kisha akauweka chini ule wa pili.

"Unaliona goti hili? Niliruka na mwavuli kutoka ndege ya jeshi nikaanguka vibaya, nikiwa kijana. Daktari wa jeshi aliniuliza, linauma? Nikasema hapana. Kila mwaka aliuliza, kila mwaka nilisema hapana, nisije nikatolewa kikosini. Nilipostaafu nikaenda kuomba wanitibu na kunilipa fidia. Yule binti wa dirishani, kwenye ofisi ya wastaafu, hakuwa na ubaya, alinisomea tu maneno yangu mwenyewe. Goti haliumi. Goti haliumi. Mpaka mwisho. Akaniuliza, sajini, ulikuwa unatudanganya wakati ule au unatudanganya sasa?"

"Hukuwahi kutuambia," mama alisema.

"Ningesemaje? Mimi ndiye mwenye hekima ya hapana." Akaweka spana mezani. "Nimekupa ushauri mbovu, mpwa wangu. Goti ni langu peke yangu, nikilemaa ni mimi. Lakini wewe ulikuwa unatumia pumzi ya mtoto. Hilo sikulijua, na nisingelikubali."

Tavion alitoka nje, mlango ukajibamiza.

"Mimi sitampigia mtu wa jeshi simu," mama alimwambia Tavion jioni hiyo akivaa viatu vya kazi. "Mdomo uliosema hapana ndio utakaosema ndiyo. Lakini dawa ya dada yako hutaigusa tena, na kesho tunakwenda kwa daktari."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa nzito. Daktari alimpa Tavion dawa yake. Tavion alikula, akaenda shule, akarudi, hakusema na mtu. Mavis alikaa kwenye ngazi za mbele akifanya mazoezi ya tromboni peke yake. Kifua chake kilikuwa bado hakijarudi sawasawa. Alipiga noti chache, akatua, akapumua, akapiga tena chache. Hakulalamika, wala hakuacha. Tavion alikuwa dirishani, na kila Mavis alipotua, naye alijikuta amezuia pumzi akingoja aendelee.

Alasiri ya tatu alitoka akakaa ngazi ya chini yake.

"Nataka kumpigia Meja Haldane. Ukae hapa."

Meja Haldane alikuwa mwanamke aliyesimamia mafunzo ya maofisa pale chuo kikuu ambako Tavion angekwenda. Tavion alimweleza yote: Oktoba, Februari, inhela ya dada yake, maswali aliyojibu hapana.

"Daktari alishakupitisha," meja alisema. "Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu dada yangu alikosa hewa, meja. Dawa nilikuwa nimeimaliza mimi."

"Yuko hapo?"

"Yuko hapa."

"Mwambie namsalimu." Karatasi zikasikika zikigeuzwa. "Nitairudisha habari hii kwa madaktari na kukuombea ruhusa maalumu. Siahidi kitu, Tavion. Watakupima upya, na watakuuliza pia kwa nini ulificha. Jiandae kujibu."

"Ndiyo, meja."

Simu ilipokatika Tavion alikaa ameinama. "Nisamehe, Mavis," akasema. "Nilisema umeniuza. Mimi ndiye niliyekuuza wewe, tena mara nyingi."

"Nimekusamehe. Lakini nywele zangu zimefumuka tangu Jumatano."

Akacheka kidogo, bila furaha nyingi, akaenda kuchukua kitana.

Walimpima Oklahoma City. Alipuliza kwenye mashine mpaka macho yakatoka machozi. Katikati ya mwezi wa Mei Mavis, akiwa ameruhusiwa na daktari, alitembea gwaride, Bi Castleberry akitembea kando ya barabara na mkoba wake, na Tavion kando ya Bi Castleberry na chupa ya maji. Braylon alimpigia Mavis ngoma karibu na sikio makusudi mtaa mzima.

Jibu lilikuja shule zikikaribia kufungwa. Ruhusa ilikataliwa. Meja Haldane alipiga simu mwenyewe.

"Kifua chako bado hakijatulia, na madaktari hawakupenda kule kuficha," alisema. "Ningekudanganya nikisema sivyo. Lakini nisikilize. Ungeingia kwa uongo, ukabanwa mwaka wa tatu, ungetolewa, na gharama ya masomo ungedaiwa wewe. Na ungebanwa jeshini, kungekuwa na vijana nyuma yako wanaokutegemea wewe upumue. Umenipigia mwenyewe, hakuna aliyekukamata. Hilo nimeliandika, na mtu akiniuliza habari zako nitamwambia hilo."

Tavion alishukuru, akaweka simu. Mama alikuwa mlangoni, naye hakuhitaji kuuliza.

Mwalimu wa makadeti shuleni, Sajini Pruitt, alimwita Tavion na mama, wakakaa alasiri mbili mbele ya kompyuta yake. Kumbe kulikuwa na misaada mingine ya wanafunzi wa familia za kipato kidogo, nao hawakuwa wameitazama kwa sababu macho yote yalikuwa jeshini. Haikutosha kumpeleka mbali. Ilitosha chuo cha hapa hapa mjini, akilala nyumbani na kufanya kazi jioni kwenye duka la vipuri, aanze uhandisi kwa miaka miwili ya kwanza. Ilikuwa njia ndefu zaidi, lakini ilikuwa njia.

Jumapili ya wahitimu ikafika. Kanisani kwetu desturi ni kwamba kila anayemaliza sekondari husimama mbele amevaa joho, akasema anakwenda wapi. Watu wote walikuwa wakingoja kusikia habari ya ofisa. Mama Rochelle usiku wa kuamkia siku hiyo hakwenda kazini, akawa macho hivyo hivyo.

Tavion akasimama.

"Mwezi wa Aprili mlinipigia makofi," alisema. "Nilikuwa nimemdanganya daktari. Nina pumu, na nilikuwa nikiificha kwa dawa ya dada yangu, hadi akaumia. Nimesema kweli, na ufadhili sikupewa. Nitasoma hapa hapa mjini. Nilitaka mlisikie kwangu."

Upepeo mmoja wa karatasi ukasimama hewani. Kisha Mama Ruthene, mzee kuliko wote, aliyekuwa akikaa kiti cha mbele kwa sababu ya masikio, akasema kwa sauti ya kawaida, "Umesema vizuri, mwanangu. Kaa."

Mtu nyuma akasema amina, na mwingine, na mhitimu aliyefuata akataja jina lake na chuo chake.

Nyumbani, mama alivua kofia akaiweka mezani. Mjomba Otis alikuwa akikata kuku. Mavis na Tavion walikuwa wakipanga sahani.

"Kaeni," mama akasema. "Nina maneno machache, kisha nilale. Mavis, ulimpenda kaka yako, na hilo sikulaumu. Lakini siri inayomnyima mtu hewa usiitunze, hata akikuomba unayempenda kuliko wote. Njoo kwa mtu mzima. Tavion, dawa ya mtu ni ya mtu, na mwili wako ukikuambia neno, lisikilize, usilizibe. Na mimi niliyeweka sahihi, nimeshamwomba Mungu msamaha, sasa nawaomba ninyi." Akasugua macho. "Nimefanya kazi ya kuchosha maisha yangu yote. Lakini sijawahi kuchoka kama nilivyochoka miezi ile, na sikujua kwa nini. Kazi, ukiimaliza, inakuacha ulale. Uongo haukuachi. Unakaa kitandani pamoja nawe."

"Kula kwanza, Rochelle," Mjomba Otis alisema.

"Niwekeeni."

Akaenda chumbani, akafunga mlango. Tavion akaondoa sahani mezani moja moja zisigongane, Mavis akafunga pazia la ukumbini, na nyumba nzima ikanyamaza ili mama alale.